Kila mtu na mwaka wake

Barua kutoka Kampala

Mwezi huu hatuongei juu ya karo wala juu ya karatasi. Tunaongea juu ya uchungu, na juu ya kitu kimoja ambacho uchungu unatufanyia bila sisi wenyewe kukiona.

Keti na wakimbizi kadhaa pale Katwe au Nsambya, jioni, wakati akina mama wamerudi kutoka kuzungusha vitenge na vijana wameegesha boda zao. Uliza swali moja tu: "Vita yetu ilianza mwaka gani?" Halafu nyamaza, usikilize.

Mzee wa Masisi anayeongea Kinyarwanda atakuambia 1993, mwezi wa tatu, soko la Ntoto kule Walikale, watu walipouawa wakiwa sokoni. Mama wa Goma atasema hapana, ni 1994, mwezi wa saba, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu, kipindupindu kikaingia, na maiti zikalazwa kando ya barabara. Yule aliyekuwa mtoto ndani ya kambi hizo hizo atasema 1996, kambi zilipovunjwa na watu wakatembea porini mpaka Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, na wengi hawakutoka huko. Mtu wa Mwenga atasema 1998: Kasika, tarehe 24 mwezi wa nane. Mtu wa Fizi ataongeza Makobola, wakati mwaka huo huo ukifunga. Mtu wa Bunia, awe Mhema awe Mlendu, ataanzia 1999. Mama Munyamulenge atakutajia Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 walipouawa ndani ya kambi kule Burundi. Mtu wa Beni ataanzia 2014, mapanga ya usiku. Na kijana wa Rutshuru, ambaye hata ndevu hazijajaa, atasema Juni 2022, Bunagana ilipochukuliwa.

Swali moja, majibu tisa. Na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kila mmoja ametaja mwaka ambao vita vilifika mlangoni kwake.

Hilo ndilo tunataka kuliangalia mwezi huu. Kila mmoja wetu anahesabu historia kuanzia siku aliyoumizwa yeye.

Saa iliyosimama

Wandugu, mtu akifiwa nyumbani kwa amani, anazika. Anaona maiti, anaosha, anatupa udongo, anakaa matanga, watu wanakula sombe na maharagi, mwisho wanatawanyika. Uchungu unabaki, lakini siku zinaendelea kutembea. Wengi wetu hatukupata hiyo. Tulikimbia wengine wakiwa wamelala chini. Wengine hatujui kama walikufa au wako hai mahali. Tumewalilia kwa picha ndani ya simu, ama kwa shati lililobaki ndani ya mfuko. Mtu wa namna hiyo saa yake inasimama. Kalenda ya ukutani inaonyesha mwaka huu, lakini kalenda ya ndani imebaki pale pale.

Halafu tukafika hapa. Wengi wetu tulipita kituo cha polisi cha Old Kampala, tukapanga mstari, tukahojiwa. Na swali la lazima ni lile: ulitoka lini, na kitu gani kilikutoa? Hatumlaumu anayeuliza, ni kazi yake, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamtaka ajue kwa nini mtu alitoroka. Ila angalia inavyotokea. Mtu alikuwa na miaka 40 ya maisha: alilima, alioa, aliimba kwaya, aligombana na shemeji. Mbele ya meza yote hiyo inakuwa tarehe moja. Anairudia kwenye ofisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hawezi kubadili hata siku moja, wasije wakasema anadanganya. Tumeifundishwa ile tarehe mpaka tukaanza kujiita kwayo.

Basi, saa ikishasimama, tabia ya binadamu inaanza kazi. Yaliyotokea kabla ya mwaka wangu nayaita hadithi za wazee: "Ah, hayo ni ya zamani, tuyaache." Na yaliyompata mwingine baada ya mwaka wangu, hayo nayaita malipo: "Si wao ndio walianza?" Kwa njia hiyo mtu anaweza kulia kwa haki kabisa juu ya wafu wake, na dakika ile ile asione kitu chochote kwenye wafu wa jirani. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na walisema hivyo wakijua kwamba binadamu mwenyewe ndiye anachagua nani amwite binadamu na nani amwite nguruwe.

Tusidhani ni ubaya wa Wakongomani peke yao. Wenyeji wetu hapa nao wana miaka yao. Ukiwa Katwe ukiinua macho unaona ukuta wa Lubiri, jumba la Kabaka pale Mengo. Muulize mzee Muganda, atakutajia Mei 1966, jeshi la serikali lilipolishambulia jumba hilo na Kabaka akatorokea ugenini. Muulize mwenye asili ya Kihindi, atakutajia 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke. Mtu wa West Nile atakutajia 1979 na 1980, Amin alipoanguka na watu wa kwao wakakimbilia Zaire na Sudan. Ndiyo, Zaire. Babu zetu wa upande wa Aru waliwapokea. Mtu wa Luwero atataja vita vya 1981 mpaka 1986, na Mwacholi ataanzia pale pale ambapo wa Luwero anamalizia. Nchi moja, na watu wake hawakubaliani vita vilianza lini na viliisha lini.

Wanasiasa wanaijua hiyo

Anayechagua mwanzo wa hadithi ndiye anachagua mkosaji wa kwanza. Sisi tunachagua kwa sababu ya uchungu. Wakubwa wanachagua kwa sababu ya faida.

Tazameni M23. Kundi zima limejiita tarehe. Ni tarehe 23 Machi 2009, siku serikali ya Kinshasa iliposaini mapatano na CNDP pale Goma. Wao wanahesabu kuanzia hapo: tuliahidiwa, hatukupewa. Kama unaanza hesabu Machi 2009, huna lazima ya kueleza yaliyofanyika 2008. Serikali ya Kinshasa nayo ina tarehe yake. Kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2022, tarehe 2 Agosti imekuwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa Kongo, kwa sababu tarehe 2 Agosti 1998 ndipo vita vya pili vilianza. Ni siku ya haki, waliokufa ni wengi mno. Lakini ukianzia hapo, huna lazima ya kueleza Ntoto ya 1993. Kigali nayo inaanzia tarehe 7 Aprili 1994, na hakuna mwenye akili atakayesema mauaji ya kimbari yale ni kitu kidogo. Lakini ukianzia hapo kila siku, huna lazima ya kueleza Tingi-Tingi ya 1997.

Mnaona? Hakuna tarehe ya uongo hapo. Uongo unaanza tarehe moja inapowekwa mbele ili kuficha nyingine.

Hata sheria ya dunia ina mwaka wake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague haiwezi kuhukumu kosa lililofanyika kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Ndiyo maana iliweza kumhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 na Bosco Ntaganda mwaka 2019 kwa mambo ya Ituri, lakini Kasika na Makobola zikabaki nje ya mlango. Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano aliyoiongoza Askofu Desmond Tutu ilipewa kuchunguza kuanzia tarehe 1 Machi 1960 mpaka tarehe 10 Mei 1994. Aliyenyang'anywa shamba kwa sheria ya ardhi ya 1913, kilio chake hakikuwa na mstari kwenye kitabu hicho.

Lipo jaribio moja la kuweka miaka mingi ndani ya kitabu kimoja. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ambayo wengi wanaiita Mapping. Inaanzia Machi 1993, inaishia Juni 2003, na inaorodhesha matukio 617 ya mauaji na maovu makubwa. Ntoto imo. Tingi-Tingi imo. Kasika na Makobola zimo. Bunia imo. Wafu wa makabila yote wamelazwa kwenye karatasi zile zile. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, amepiga kelele miaka mingi kwamba ripoti hiyo isiachwe ndani ya kabati. Kwa nini imeachwa? Jibu si gumu. Kila mkubwa anapenda kurasa zake na anaogopa kurasa za pembeni.

Na mapatano je? Tuhesabu. Lusaka, Julai 1999. Sun City, 2002 na 2003. Goma, Januari 2008. Tena Goma, Machi 2009. Addis Ababa, Februari 2013. Nairobi, Desemba 2013, baada ya mazungumzo ya mwaka mzima yaliyofanyika hapa hapa Kampala. Washington, tarehe 27 Juni 2025, halafu Doha mwezi uliofuata. Marais wa Kongo na Rwanda walikwenda Washington wenyewe tarehe 4 Desemba 2025, mbele ya kamera za dunia. Haikupita wiki, M23 wakaingia Uvira. Sisi hatupingi mapatano. Bora watu wakae mezani kuliko wakae nyuma ya bunduki. Ila ni mara ngapi mmesikia kwamba kwenye meza hizo mtu wa Kasika na mtu wa Gatumba waliketishwa viti viwili jirani, wakaulizwa: wewe mwaka wako ni upi, na wewe wako ni upi? Meza zile huwa zinagawa vyeo, majeshi na madini. Uchungu unaachwa nje, na uliobaki nje unasubiri mtu mwingine aje autumie.

Sukari mlangoni

Tutoe mfano wa karibu, tusije tukasema mambo haya ni ya wakubwa tu.

Goma ilipoingiliwa, tarehe 27 Januari 2025, uani mwetu hapakulala mtu. Ni uani wa vyumba kumi na kitu, bomba moja, vyoo viwili, mchanganyiko wa kila aina: Banande, Bashi, Bafuliru, Banyamulenge, na familia moja ya Waganda. Simu zilikuwa hazipiti. Baada ya siku kadhaa habari ikafika kwa mama mmoja kwamba mtoto wake wa kiume, aliyebaki kule kuendesha pikipiki, amekufa. Mwili haukuonekana. Umoja wa Mataifa ulitaja maiti karibu 3,000 mjini siku zile, na nyingi zilizikwa haraka haraka bila majina. Tukatandika turubai, tukaazima viti kwa kanisa, tukaanza matanga bila maiti kama tulivyozoea.

Siku ya pili, mama mmoja Munyamulenge, anayekaa chumba cha nyuma, alileta sukari kilo mbili na makaa. Kijana wa familia akauliza:

"Hii sukari iko ya nani?"

"Ya mama wa kule nyuma."

"Basi muirudishe. Hatutakunywa chai yao, hawa ndugu za M23."

Hakuna aliyeirudisha, hakuna aliyeiingiza. Ile sukari ikakaa kizingitini, kwenye mfuko wa plastiki, watu wakiiruka kwenda na kurudi. Uani ukagawanyika. Watoto waliokuwa wanacheza mpira pamoja wakaitwa ndani. Bombani mtu akija, mwingine anaondoka na jerikani yake nusu.

Siku ya tatu yule mama wa nyuma akaja mwenyewe. Hakuingia. Akaketi chini, nje ya turubai, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Mama yangu, miye nilizikaka watatu ku Gatumba. Hata hao wenye bunduki huko Goma sibajue. Sikukuja kuongea siasa. Nilikuja kulia na weye."

Mfiwa hakumjibu. Lakini alisogeza mguu, akampa nafasi kwenye mkeka. Mtu mmoja akachukua ile sukari, akaenda nayo jikoni. Basi, ni hivyo tu. Hapakuwa na hotuba. Yule kijana alikasirika, akatoka, na mpaka leo hajaridhika sana. Hatukumlazimisha. Lakini watoto walirudi kwenye mpira wao.

Tumefikiri sana juu ya neno la yule mama. Hakusema "wangu ni wengi kuliko wako." Hakusema "wa kwangu walikufa kwanza." Alileta mwaka wake mzima, 2004, akauweka chini kando ya mwaka wa mwenzake. Hakuna mmoja aliyepungua.

Sauti za usiku

Siku zile zile, simu zetu zilijaa sauti za WhatsApp. Mnazijua. Mtu hajitaji jina, anaongea kwa hasira na machozi, anasema kabila fulani linapanga jambo hapa Kampala, anamaliza na "tuma kwa watu kumi." Tunazituma. Kwa nini? Kwa sababu zinaongea ule mwaka wetu. Mtu aliyerekodi anajua saa yetu imesimama wapi, na anaigusa pale pale.

Na wakati ule tulikuwa na njaa pia. Misaada ya Marekani na ya wengine ilikatwa mapema 2025. Mwezi wa tano mwaka huo WFP iliwatoa wakimbizi karibu milioni moja hapa Uganda kwenye orodha ya chakula, na nyie wa makazini mliumia kuliko sisi. Nchi ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.8. Hapa mjini wengi wetu hatujazoea mgao, tunajitafutia, lakini ndugu wa makazini walipokosa posho walihamia kwetu, chumba kimoja kikalala watu tisa. Tumbo tupu halina subira ya kuchunguza habari. Linataka mtu wa kulaumu aliye karibu. Rais hayuko karibu, mfadhili wa Washington hayuko karibu, jenerali hayuko karibu. Aliye karibu ni jirani, na jerikani yake bombani.

Ndiyo maana tunasema: uchungu wako ni mali yako. Usimpe mtu usiyemjua aufanyie biashara. Atautumia kuchaguliwa, ama kuandikisha askari, ama kupata wafuasi kwenye simu. Kesho akipata anachotaka, ataketi hotelini na adui yako akinywa naye soda, na wewe utabaki uani umegombana na mama wa nyuma.

Tusielewane vibaya

Kuna wasomaji watakaosema: mwandishi anataka kusema wote ni sawa, wote wameua, wote wamekufa, basi tusahau. Hapana. Hatusemi hivyo. Makosa hayalingani. Aliyevuka mpaka na jeshi, aliyetoa bunduki, aliyetoa amri, aliyechoma kanisa: hao wana majina, na tungependa kuwaona mbele ya jaji kabla hatujafa. Kosa lina jina la mtu. Halina jina la kabila. Ukishasema "wao", aliyetoa amri anajificha nyuma ya mama aliyeleta sukari, na hatapatikana.

Wala hatumwambii mtu asamehe. Msamaha si kitu cha kudaiwa kwenye gazeti. Anayefiwa ndiye anayejua, na wengine wanakufa hawajaweza, na Mungu anawaelewa. Tunaomba kitu kidogo kuliko msamaha: kusikiliza mwaka wa mwenzako mpaka mwisho, bila kumkatiza na wako.

Ni kitu kidogo lakini ni kigumu, jaribuni mtaona. Mtu akianza kusimulia 1996, moyo wako uliokwama 1998 unaanza kuruka: "Sawa, lakini..." Lile "lakini" ndilo la kumeza. Lako utasema kesho. Wafu wako hawatakimbia.

Watoto wasio na mwaka

Haraka yetu inatokana na watoto. Wengi wamezaliwa hapa. Wanaongea Luganda kuliko sisi, Kiingereza cha shule, na Kiswahili cha kujibu tu. Hawana mwaka wao. Wanasubiri tuwape. Mtoto wa miaka 9 akisikia baba anafoka kwenye simu, anajua jina la kabila kabla ya kujua Goma iko upande gani wa ziwa. Tunamrithisha saa iliyosimama, na yeye hana hata kaburi la kwenda kuliona.

Tuwaambie ukweli. Kuficha hakusaidii, kwa sababu tukinyamaza watafundishwa na zile sauti za usiku. Lakini tuwaambie ukweli mzima. Baba wa Mwenga, mwambie mwanao juu ya Kasika, na jioni ile ile mwambie kwamba kuna kitu kinaitwa Gatumba. Mama Munyamulenge, mwambie binti yako juu ya Gatumba, na umwambie kwamba kuna kijiji kinaitwa Makobola. Mtoto aliyesikia miaka miwili ni vigumu kumdanganya kuliko aliyesikia mmoja.

Siku 11 za Agosti

Tuna wazo moja la kuwaachia, na tunaomba viongozi wa makanisa, wa misikiti na wa vikundi vya akina mama walifikirie.

Kila mwaka, tarehe 2 Agosti, Wakongomani wengi wanakumbuka wahanga wa vita. Tarehe 13 Agosti, Banyamulenge popote walipo wanakumbuka Gatumba. Kati ya siku hizo mbili kuna siku 11 tu. Tunavyoona sisi, wanaokwenda ya kwanza hawaonekani ya pili, na wa ya pili hawaonekani ya kwanza. Mji mmoja, mwezi mmoja, machozi ya namna moja, lakini kila mtu analia na wake.

Hatusemi siku hizo ziunganishwe. Kila mfiwa aache siku yake ilivyo. Tunasema watu wachache tu watembeleane. Wawili watatu kutoka upande mmoja waende tarehe 2, waketi nyuma, wasiseme kitu. Wawili watatu kutoka upande wa pili waende tarehe 13, nao waketi nyuma. Wasibebe bango wala hotuba. Kama wanaweza, wabebe sukari.

Na kabla ya Agosti kufika, kuna mambo matatu ambayo kila nyumba inaweza kufanya hata kesho. La kwanza: kwenye matanga, kabila la mleta mchango lisiulizwe. La pili: sauti isiyo na jina la msemaji isitoke kwenye simu yako kwenda kwa mwingine, hata kama imekuliza. La tatu: chukua daftari la shule la mtoto, andika majina ya wafu wako, mmoja mmoja, na mahali walipofia. Waliokosa kaburi wapate angalau ukurasa. Na ukurasa wa mwisho wa daftari hilo acha nafasi, mwombe jirani aandike hata jina moja la kwake.

Msomaji, wewe mwaka wako ni upi? Tuandikie, kwa mkono, hata kwa kifupi, umpe kiongozi wa bloku yako atufikishie. Tutachapa baadhi bila majina, mwaka kando ya mwaka.

Mpaka mwezi ujao, tubaki na amani. Wagonjwa wapone, watoto wasome, na waliolala mbali na kwao wapumzike.